Kioo Mahali pa Kioo

Watu walimletea vioo vya madirisha. Mtoto amepiga mpira, dirisha limepasuka, mama mtu anakusanya vipande ndani ya beseni na kuvipeleka mlangoni kwake, kwa sababu mtaa wetu wote, uitwao Kenya ingawa nchi ya Kenya iko mbali, ulimjua kama Fundi wa Vioo, na kioo kwetu ni kioo. Wengine walikuja na vioo vya kujitazamia, vile vya kutundika ukutani, vilivyoanza kubambuka nyuma. Bwana harusi mmoja alimletea kioo cha taa ya gari asubuhi ya harusi yake. Fundi alitoka, akatazama, akashika kiuno.

"Kioo yangu haiko hii," alisema kwa Kiswahili chetu, ambamo "ndiyo" ni "njo". "Yangu njo ile ya mu darubini. Kadogo vile." Akaonyesha ukucha wa kidole gumba.

Akiisha kusema hivyo, alikitengeneza. Alinung'unika tangu mwanzo mpaka mwisho, lakini sikuwahi kuona mtu akiondoka kwake mikono mitupu. Madirisha mengi ya Kenya yalitiwa kioo na mtu aliyeapa kwamba hiyo si kazi yake.

Jina lake sitaliandika. Kuna karatasi moja huko Kinshasa ambayo jina hilo lilipaswa kuwa juu yake, na haliko, kwa sababu yangu mimi. Nikiliandika hapa leo, baada ya kuliacha lipotee pale lilipohitajika, nitakuwa kama mtu aliyekula chakula cha jirani halafu anajisifu kwa kumrudishia sufuria. Kwa hiyo nitamwita walivyomwita wote, Fundi.

Alikuwa mfanyakazi wa karakana moja ndogo ya vipimo, nyuma ya stesheni ya treni. Wapimaji wa migodi walileta huko darubini zao za miguu mitatu, zile wanazotazamia kabla watu hawajachimba. Ndani ya darubini ya namna hiyo mmepangwa vioo kadhaa, kimoja nyuma ya kingine. Kimoja kikiinama hata kidogo, mpimaji anaona mstari umenyooka kumbe umepinda, na vikundi viwili vinavyochimba chini ya ardhi ili vikutane katikati vinapishana, kila kimoja kikiendelea na shimo lake. Fundi alisimulia kwamba jambo hilo limewahi kutokea, na kwamba wachimbaji wa upande mmoja waliwasikia wenzao wakigonga juu ya vichwa vyao. Aliposimulia hivyo alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akakasirika, maana mtu angeweza kufa.

Hakuwa akisalimia kwa kiganja. Alikupa kifundo cha mkono, hata akiwa ametoka kuoga, hata kanisani wakati wa kutakiana amani. Wageni walidhani anajidai. Mkewe, mwanamke wa Kilwa, ile yetu ya ziwani, mwenye sauti nene na subira fupi, aliwaeleza: vidole vya mume wake ni vya vioo, havitaki jasho la watu. Mimi mwenyewe nilimsalimia kwa kifundo kwa miaka mingi, tangu nikiwa mwanafunzi mpaka nilipokuwa mwanamke mwenye ofisi, na nilipenda jinsi alivyokitoa, kwa haraka na kwa haya kidogo, kama anayekukabidhi kitu kisichotosha.

Unyoofu ulikuwa ugonjwa wake. Katika miaka ile kila Jumamosi tulitoka kwenye salongo, kazi ya lazima ya usafi, na mwakilishi wa Chama, chama pekee cha nchi, alisimama akihesabu vichwa. Siku moja tuliambiwa tuchimbe mfereji wa maji machafu kando ya barabara yetu. Fundi alikuja na kamba, vigingi, na chupa ya maji ya kupimia usawa. Alipiga goti, akafumba jicho moja, akasogeza kigingi upana wa kidole, akarudi nyuma, akasogeza tena. Jua likapanda, sisi tumeegemea majembe. Mwakilishi wa Chama akafoka, akimwita "mwananchi" kwa Kifaransa.

"Citoyen, hatukukuita kupima, tulikuita kulima!"

"Mayi haiyuwi Chama," Fundi alimjibu, jicho bado limefumbwa. "Mayi inayuwa kutelemuka tu."

Tulishika tumbo kwa kicheko, halafu tukainamia majembe wote kwa pamoja, maana maneno ya namna ile yaliweza kumpeleka mtu mbali. Mwakilishi alitazama huku na huku, akaamua kwamba hakusikia. Mfereji ule ndio pekee katika mtaa ambao maji hayakusimama.

Lakini nyumba ya mtu huyo mnyoofu ilikuwa vurugu tupu. Misumari ndani ya bakuli la chumvi, chumvi ndani ya kopo la misumari. Alikuwa mvumilivu wa kukaa nusu siku juu ya kioo kimoja, na asiyeweza kungoja bukari, ugali wetu, ipoe. Kila siku aliungua ulimi, kila siku alishangaa. Alimheshimu sana padri, na alitoka nje kila mahubiri yalipoanza, akarudi yalipokwisha, akisema padri anaongeza.

"Kuongeza" lilikuwa neno lake la kulaumia. Ukimwambia watu wengi sana walikuja kwenye msiba, aliuliza, "Ngapi?" Ukimwambia fulani amekasirika kama simba, aliuliza ulimwona simba wapi. Alitaka kila kitu kisemwe kama kilivyo, mara moja, na kama hakijaeleweka basi kisemwe tena kwa maneno yaleyale. Hakuona aibu kurudia neno. Alilirudia kama mtu anayegonga msumari, mpaka alipoona umeingia.

Na alipenda kueleza. Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu hiki ndicho nilichokivunja. Jumapili baada ya misa alikaa kwenye ngazi ya mlango wake na kueleza, kwa yeyote aliyepita: kwa nini kijiko kinaonekana kimevunjika ndani ya maji, kwa nini jua likipenya kwenye tundu la bati linachora duara sakafuni hata kama tundu lenyewe lina pembe. Watu walimtania, "Fundi, bukari ya leo umeshaieleza?" Naye angejibu kwamba bado, aanze, na angeanza kweli. Mkewe alisema ameolewa na wanaume wawili, mmoja wa kufanya kazi na mmoja wa kueleza, na kwamba akiambiwa achague atamchukua wa kueleza, yule mwingine hayuko nyumbani. Mimi nilikuwa jirani wa mlango wa tatu, binti wa mfanyakazi wa reli, na karibu kila ninachokijua juu ya mwanga nilikijua pale kwenye ngazi. Masista walinifundisha Kifaransa. Yeye alinifundisha kutazama.

Sasa nieleze alichobuni. Nitajitahidi kutoongeza.

Zamani darubini iliyoharibika vioo ilipelekwa Ulaya, ikakaa miezi, kwa sababu ili kunyoosha vioo vyake ulihitaji meza maalumu na kioo kingine, cha kujitazamia, kinachosimamishwa mbele ya darubini ili kirudishe mwanga. Fundi aligundua kwamba kioo hicho cha pili hakihitajiki. Ukiweka taa nyuma ya kadi yenye tundu, na ukachungulia vizuri, kioo cha darubini chenyewe kinakurudishia miali miwili midogo, mmoja kutoka uso wake na mmoja kutoka mgongo wake. Kikiwa kimeinama, miali inasimama mbalimbali. Unazungusha skrubu tatu za pete aliyoitengeneza yeye mpaka mwali mmoja unaingia ndani ya mwenzake. Basi, kimenyooka. Kazi ya miezi ikawa kazi ya asubuhi moja, tena ukiwa mgodini, na taa ya mchimbaji.

Mkuu wa karakana aliinakili njia hiyo kwenye daftari la kazi bila kutaja ilikotoka. Wafanyakazi wapya wakaanza kuiita kwa jina la mkuu. Fundi hakugombana, alikosa usingizi tu, mkewe ndiye aliyetuambia. Kisha mhandisi mmoja mgeni, kabla ya kurudi kwao, alimwambia kuna kitu kinachoitwa brevet, hati ya serikali inayosema jambo hili lilibuniwa na fulani. Mhandisi akamwandikia maombi, akayapeleka Kinshasa, akapanda ndege uwanjani Luano akaenda zake. Jibu lilipokuja lilikuwa la kukataa: njia hii inafanana na ile ya zamani ya kioo cha kujitazamia, tofauti yake haionekani. Mwombaji aliruhusiwa kukata rufaa mara moja, kwa barua, aeleze tofauti hiyo.

Mara moja. Nililisoma neno hilo kwa sauti, nikiwa nimekaa kwenye ngazi yake, kwa sababu alinijia mimi. Nilikuwa nimemaliza shule kwa masista, nilikuwa na cheti cha kupiga mashine, na mtaa mzima ulijua kwamba Kifaransa changu kinanukia.

"Miye sitafuti feza," alisema. "Miye natafuta karatasi yenye kusema ni miye njo nilitoa ile akili. Nikifa, batoto baone. Unasikia, mama? Karatasi tu."

Aliniita "mama" kwa heshima, ingawa ningeweza kuwa binti yake.

Tuliandika Jumapili tatu mfululizo. Yeye alieleza, mimi niliandika kwa mkono, kisha nikapiga mashine. Nakumbuka maneno yake ya Jumapili ya tatu, yale yaliyobeba rufaa yote, kwa sababu nimeyarudia kichwani mwangu maisha yangu yote.

"Andika hivi. Hapana kioo ingine. Hapana kioo mbele, hapana kioo nyuma. Kioo yenyewe njo inajionyesha. Unatia moto ku tundu, kioo inakurudishia mioto mbili, moya ya uso, moya ya mugongo. Unazungusha vis, unazungusha, mpaka mioto mbili inakuwa moya. Kioo iko sawa. Njo ile tu."

"Baba, kule karakana hamsemi lentille?" nilimwuliza, maana hilo ndilo neno la Kifaransa la kioo cha darubini.

"Bazungu bote banasema lentille. Ule ingénieur aliniambia lentille iko vilevile aina ya maharagi." Akanyanyua kidole. "Kioo yangu haiko maharagi."

Nilicheka, nikaenda nyumbani na karatasi zangu. Na hapo ndipo nilipofanya nilichofanya.

Sista aliyetufundisha Kifaransa alikuwa na sheria moja kuliko zote: neno lisirudiwe katika aya moja. Aliyerudia neno alipigiwa mstari mwekundu na kusomwa mbele ya darasa. Nilikuwa mwanafunzi wake mzuri kupita wote, sikupata kupigiwa mstari. Nilipofika kwenye aya ile ya Fundi nilikuwa nimeshaandika lentille mara tatu, na kalamu yangu ikakataa. Kioo, kioo, kioo, mwanakijiji gani huyu, nilijiambia, na naona haya kuandika kwamba nilijiambia hivyo. Nikatafuta neno jingine la kioo. Likaja lenyewe, zuri, laini: miroir. Kioo cha kujitazamia. "Hapana kioo ingine, hapana kioo mbele, hapana kioo nyuma" nikayafuta yote, kwa sababu niliona ni kujirudia. Na mahali pa "kioo yenyewe njo inajionyesha, kioo inakurudishia mioto mbili" nikaandika, kwa Kifaransa ambacho kingemliza Sista kwa furaha, kwamba miroir inajifunua yenyewe na kurudisha mwanga maradufu.

Kila alichokifuta yeye kwa maneno yake nilikirudisha kwa maneno yangu. Yeye alisema hakuna kioo cha kujitazamia. Mimi nilisema kiko.

Kosa hilo peke yake mtu angeweza kulisamehe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilitaka kung'ara. Tena alijaribu kujilinda, maskini. Kabla ya kutia sahihi alitaka nimsomee barua yote. Hakujua Kifaransa cha kwenye karatasi, alijua majina ya vyombo na tarakimu tu, kwa hiyo nilimsomea kwa Kiswahili. Nikafika kwenye lentille, nikasema kioo. Nikafika kwenye miroir, nikasema kioo. Alifumba macho, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa polepole.

"Njo vile," alisema. "Haukuongeza?"

"Sikuongeza, Baba."

Akaandika jina lake, herufi moja moja, ulimi ukiwa nje kidogo.

Barua ile ilinipatia kazi. Aliichukua nakala yake na kuizungusha mjini kama picha ya mtoto mchanga, akiwaonyesha watu wanaojua kusoma jinsi binti wa mtaa wake anavyoandika. Wakili mmoja aliyekuwa na ofisi katikati ya mji aliisoma, akauliza ni nani aliyepiga mashine hii. Mwezi uliofuata nilikuwa dactylo wake, mpiga mashine, nina kiti cha kuzunguka na mlango wenye kitasa cha shaba.

Jibu lilikuja mvua zikiwa zimeanza. Fundi aliniletea nyumbani bahasha ikiwa haijafunguliwa, akakaa kwenye ukingo wa kiti, mkewe amesimama nyuma yake, mikono imejaa unga, maana alikuwa akisonga bukari. Niliifungua. Ilikuwa fupi. Ilisema mwombaji mwenyewe, katika barua yake ya rufaa, anakiri kwamba mwanga unarudishwa na miroir, njia ya miroir inajulikana tangu zamani, rufaa inakataliwa. Neno langu walilinukuu ndani ya alama za kunukulia. Lilikaa pale katikati ya karatasi, zuri, laini.

Nilielewa palepale. Sina cha kujitetea, sikuhitaji hata kusoma mara ya pili.

Na chini, juu ya muhuri, kulikuwa na mstari mwingine: kama kosa la uandishi limeingia katika barua ya mwombaji, anayo miezi miwili ya kuomba lisahihishwe. Nilikuwa nikifanya kazi kwa wakili. Mistari ya namna hiyo niliipiga mashine kila siku.

"Banasema nini?" aliuliza.

Ningeweza kusema. Lakini nilifikiria kiti changu, nilifikiria wakili akijua, nilifikiria uso wa mtu huyu aliyenibeba mji mzima. Nikafungua mdomo, na Kiswahili chetu kikanificha.

"Banakataa, Baba. Banasema njia yako inatumika na kioo. Na njia ya kioo, banasema, bantu banaiyua tangu zamani."

Aliokota bahasha tupu, akaigeuza.

"Sasa nitumike na nini? Na kijiko?"

Mkewe alicheka, akadhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Alitazama mikono yake.

"Nilieleza mubaya," alisema. "Miaka yote miye nilizani nayua kueleza. Unaona? Balisoma, habakusikia kitu. Weye uliandika muzuri, mama. Makosa iko ku kinywa yangu."

Mstari wa chini sikuusoma. Niliikunja karatasi, nikamrudishia, naye akanishukuru. Akanipa kifundo cha mkono.

Miezi miwili ni siku nyingi. Asubuhi nilipita mbele ya mlango wake nikienda kazini, jioni nilipita nikirudi. Kila mara nilijiambia kesho. Ingetosha kuandika mistari minne, mashine ninayo, karatasi ninazo. Lakini yeye ndiye aliyepaswa kutia sahihi, na ili atie sahihi ilibidi nimwambie anasahihisha nini. Siku ya mwisho nilipanda kitandani na viatu, nikawaambia nyumbani kwamba naumwa malaria. Kesho yake nilipona.

Watu hawakuona mabadiliko mara moja. Mimi niliona. Jumapili ile ile ya kwanza hakukaa kwenye ngazi. Mtoto wa jirani alimfuata ndani na kijiko na glasi ya maji, akimkumbusha, naye akasema, "Uliza mwalimu wako." Kazini aliendelea kunyoosha vioo, lakini hakumfundisha mtu, anayetaka atazame. Wakimletea dirisha lililovunjika, alilitengeneza bila neno. Jamani, jinsi nilivyotamani kumsikia akinung'unika! Mkewe alisema nyumba imepanuka, haijai tena. Alisema yule mume wa kueleza amesafiri, labda kaenda Kilwa kuvua samaki, na aliposema hivyo watu walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Naona haya ya kicheko kile kuliko ya barua.

Miaka ikapita namna hiyo. Niliolewa, nikahama mtaa, nikabaki na kazi. Alistaafu. Nilimtembelea kwenye sikukuu, nikiwa na sukari na sabuni, kama mtu anayelipa faini ndogo ndogo ili asiitwe mahakamani.

Kilichonisukuma ni harusi ya binti yake wa mwisho. Kwetu, wakwe wanapokuja, baba wa msichana husema. Anaweza kuwa na msemaji wa ukoo, lakini neno la mwisho, lile la kumtoa mtoto, ni lake mwenyewe. Mkewe alinisimulia sokoni, tumesimama mbele ya ndagala, dagaa wa kwetu, zilizoanikwa: ukoo umekaa, wakwe wamekaa, binti anangoja nyuma ya pazia, na Fundi anainuka, anafungua kinywa, kisha anamgeukia mdogo wake na kumwambia aseme yeye.

"Asema hayuwi kueleza," mkewe aliniambia. "Mutoto yake alilia. Alizani baba hamutaki."

Sikununua ndagala. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwake, mkewe nyuma yangu akiuliza kuna nini.

Alikuwa ndani, amekaa karibu na dirisha, amenyooka. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alinitambua kwa sauti, akatoa kifundo. Sikukishika. Nilipiga magoti, jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

"Baba, ile barua ya brevet. Nilikosa neno."

"Neno gani?"

"Niliandika kioo pahali pa kioo."

Alingoja niendelee. Nilipokosa la kuongeza, alitabasamu kwa upole, kama anavyotabasamu mtu kwa mgonjwa wa homa.

"Eh bien, mama. Kioo iko kioo."

Kumbe hata kuungama sikuweza kwa lugha ile iliyonificha. Ilibidi nitumie Kifaransa, neno lenyewe, nililitoa kinywani kama mfupa.

"Miroir, Baba. Weye ulisema lentille, miye niliandika miroir. Na pale ulisema hapana kioo ingine, nilifuta. Nilitaka Kifaransa ikuwe muzuri."

Miroir alilijua. Nani hajui miroir. Midomo yake ikaanza kwenda bila sauti, na nikatambua kwamba anajisomea upya barua yake, akiweka neno langu mahali pa lake, aone inasema nini.

"Uliyua siku gani?" aliuliza mwishoni.

"Siku ile nilikusomea jibu. Na balisema tunaweza kutengeneza, miezi mbili. Sikukusomea ile."

Mkewe alivuta pumzi. Mimi niliinamisha kichwa, nikingoja. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa laana, hata kwa msamaha, maana nilijua moyo wake.

"Donc, basi," alisema Fundi polepole, "miye nilielezaka muzuri."

Niliinua macho. Uso wake ulikuwa umefunguka.

"Nilielezaka muzuri!" Alimgeukia mkewe, akamtafuta kwa mkono. "Unasikia? Kinywa yangu haikukosa! Nilisema hapana kioo mbele, hapana kioo nyuma. Nilisema, ao sikusema?"

"Ulisema, Baba," nikajibu.

"Yenyewe njo inajionyesha. Mioto mbili, moya ya uso, moya ya mugongo. Nilisema sawa vile?"

"Sawa vile."

Alipiga paja lake na kucheka, mzee yule, akacheka kama aliyepokea hati na muhuri. Hakuniuliza kwa nini. Alisahau kabisa kwamba nipo. Alikuwa na umri ambao karatasi haina maana tena, na miaka ya kueleza ilikuwa imekwisha, mimi ndiye niliyeila, naye alifurahi. Ningependa kusema furaha ile ilinipunguzia. Ilinivua nguo.

Niliinuka, nikaaga. Kwetu mgeni husindikizwa, hata aliyekuja kudai, angalau mpaka kwenye pembe ya nyumba. Fundi alitaka kusimama. Mkewe aliweka mkono begani kwake, akamkalisha, naye mwenyewe akakaa kando yake, akipangusa machozi kwa upindo wa kitenge. Hakunitazama.

"Njia unayua," aliniambia.

Nilitoka peke yangu. Nilikuwa nimeshafika barabarani niliposikia sauti ya Fundi kupitia dirishani, ikimweleza mkewe habari za mwanga na kioo, tangu mwanzo, kwa nguvu, bila kuruka kitu.